James Barrie: Aliandika visa vya watoto wanaochukuliwa, kisha naye akachukua watano

Na Mwandishi Wetu

WAZAZI wengi wa mijini wanamfahamu Peter Pan kwa filamu za katuni: kijana mwenye mavazi ya kijani, arukaye angani bila mabawa, akifuatwa na kiumbe mdogo ang'aaye kama kimulimuli. Wachache wanajua kwamba kisa hicho, kabla ya kuwa burudani ya watoto, kilikuwa kisa cha mtoto mchanga aliyemtoroka mama yake akaenda kuishi na viumbe wa usiku. Na wachache zaidi wanajua kwamba mtunzi wake, Sir James Matthew Barrie, aliishia kuwa mlezi wa wavulana watano ambao hakuwazaa, na kwamba hadi leo waandishi wa historia hawajakubaliana iwapo kweli mama yao alikusudia kumwachia.

Barrie alizaliwa Mei 9, 1860 huko Kirriemuir, mji mdogo wa mashariki mwa Uskoti uliojulikana kwa ufumaji wa vitambaa vya kitani. Baba yake, David, alikuwa mmoja wa wafumaji hao. Mama yake, Margaret, ambaye kwa desturi ya Waskoti aliendelea kuitwa kwa jina la ukoo wake wa Ogilvy hata baada ya kuolewa, alizaa watoto kumi, na James alikuwa wa tisa. Wawili walikuwa wamekwishafariki kabla yeye hajazaliwa. Haikuwa familia ya kitajiri, lakini iliamini elimu kuliko mali, na kaka mkubwa, Alexander, alikuwa amekwishapata shahada na kuanzisha shule yake mwenyewe.

Ili kumwelewa Barrie ni lazima kwanza kuielewa imani moja ya kale ya nchi yake. Kwa karne nyingi Waskoti, pamoja na jirani zao wa Ireland, waliamini kuwapo kwa viumbe wasioonekana kwa urahisi, ambao Kiswahili hakina jina lao kamili. Si majini, si mizimu ya wahenga, wala si malaika. Neno la karibu pengine ni vibwengo, nalo ndilo tutakalolitumia hapa, ingawa vibwengo wa pwani yetu hukaa baharini na wale wa Uskoti hukaa ndani ya vilima vya majani. Waskoti wenyewe waliogopa kuwataja kwa jina. Waliwaita watu wema, kama vile mtu anavyomsifu mbwa mkali anapompita mlangoni.

Jambo lililoogopwa kuliko yote kwa viumbe hao ni kwamba walidai watoto wa binadamu. Mtoto mchanga ambaye hajabatizwa alihesabiwa kuwa hana mwenyewe, na usiku angeweza kuchukuliwa akapelekwa kilimani, kisha mahali pake pakawekwa kiumbe mwingine mwenye sura kama yake: mdhaifu, mlizi, asiyeshiba wala kunenepa. Wamama waliweka chuma karibu na kitanda cha mtoto, mkasi au koleo la jikoni, kwa kuwa chuma kilisemekana kuwashinda. Msomaji aliyewahi kuona mtoto mchanga akipakwa wanja usoni ili kumkinga na jicho baya hatashangazwa sana na desturi hiyo.

Palikuwa pia na mbinu za kumfichua mtoto wa badala. Mojawapo ilikuwa kupika pombe ndani ya maganda ya mayai mbele yake. Kiumbe huyo, kwa kustaajabia upumbavu huo, angesahau kujifanya mtoto na kutamka kuwa ameishi miaka mingi bila kuona jambo kama hilo, na kwa kutamka hivyo angekuwa amejifichua. Mchungaji mmoja wa Uskoti, Robert Kirk wa Aberfoyle, aliyaandika mambo ya viumbe hao kwa makini ya mtu wa sayansi mnamo mwaka 1691. Alipofariki mwaka 1692, watu wa kijiji chake hawakukubali kwamba amekufa, walisema amechukuliwa.

Mbinu nyingine hazikuwa za kuchekesha. Mtoto aliyeshukiwa aliwekwa karibu na moto, au aliachwa nje usiku kucha, ili wenye mali waje kumchukua wa kwao na kumrudisha wa binadamu. Mwaka 1826, katika jimbo la Kerry, Ireland, mtoto mdogo asiyeweza kutembea wala kusema alikufa maji baada ya kuzamishwa mtoni ili kibwengo amtoke, na wazee wa mahakama wakamwachia huru mwanamke aliyemzamisha. Miaka 69 baadaye, mwaka 1895, mwanamke kijana wa jimbo la Tipperary, Bridget Cleary, aliuawa na mumewe, ambaye alidai kuwa huyo aliyekuwa nyumbani si mkewe bali ni badala yake. Watafiti wengi wa leo wanaona kuwa imani hii ilikuwa njia ya watu wasio na hospitali kujieleza kwa nini mtoto aliyezaliwa mzima amebadilika, au kwa nini amezaliwa na ulemavu. Ilikuwa pia, na hili ni zito zaidi, njia ya kujipa ruhusa ya kumkana.

Katika nyumba ya akina Barrie watu walikuwa wa kanisa, na mama huyo alikuwa amelelewa katika dhehebu kali la Kiprotestanti. Lakini ngano hukaa katika lugha na vitisho vya kulalia vya watoto hata pale wakubwa wanapokuwa wamekwishaacha kuziamini.

Januari 1867, James akiwa na umri wa miaka sita, msiba uliingia nyumbani. Kaka yake David, mtoto aliyependwa kuliko wote na mama yao, alikuwa akisoma katika shule ya Alexander. Akiwa juu ya barafu na rafiki yake aliyekuwa akiteleza kwa viatu vya chuma, aligongwa na rafiki huyo, akaanguka na kupasuka fuvu. Alifariki siku moja kabla ya kutimiza miaka 14.

Margaret Ogilvy alilala kitandani kwa majuma na miezi, uso ukielekea ukutani, akilikumbatia vazi la ubatizo lililovaliwa na watoto wake wote. Barrie mwenyewe alisimulia baadaye, katika kitabu alichokiandika juu ya mama yake mwaka 1896, jinsi alivyoingia katika chumba hicho cha giza, na jinsi mama, aliposikia hatua zake, alivyouliza kama ni yule mwingine. Mtoto alilazimika kujibu kwamba si yeye, ni huyu tu.

Tangu siku hiyo aliazimia kumrudisha. Alijifunza kupiga mluzi kama David alivyopiga, kwa kusimama miguu ikiwa mbalimbali na mikono ikiwa mifukoni, kisha siku moja akavaa nguo za marehemu na kuingia chumbani kwa mama yake kumwonyesha. Mwandishi wa makala haya haoni tukio jingine katika maisha ya Barrie lenye uzito kuliko hili. Katika ngano za nchi yake, mtoto halisi huchukuliwa na mwingine mwenye sura yake huwekwa kitandani. Hapa mtoto aliyebaki alijiweka mwenyewe mahali pa aliyechukuliwa, akijua fika kwamba mama hatadanganyika.

Mama alipata faraja moja tu: kwamba David hatakua kamwe wala hatamwacha. Watoto wengine wangeoa, wangeolewa na kuondoka. Yeye angebaki na miaka 13 daima.

Masomo ya Barrie yalimpeleka Glasgow, Forfar na Dumfries, kisha Chuo Kikuu cha Edinburgh alikopata shahada mwaka 1882. Hakurefuka sana, alikomea kiasi cha sentimita 160, jambo lililomtesa moyoni ujanani. Mwaka 1883 aliajiriwa na gazeti moja la Nottingham kuandika tahariri kwa mshahara wa pauni tatu kwa wiki, na mwaka 1885 alihamia London kuishi kwa kalamu. Alichouza kwanza kwa wahariri ni hadithi za mama yake juu ya Kirriemuir ya zamani, alizozikusanya katika vitabu vilivyomtajirisha kabla hajafika miaka 35.

Huko London alianzisha klabu ya kriketi ya waandishi na wasanii, wengi wao wasiojua mchezo. Mmoja wa wachezaji wa mwanzo alikuwa Mskoti mwenzake, Joseph Thomson, mpelelezi aliyeivuka nchi ya Wamaasai hadi Ziwa Victoria mwaka 1883 na 1884, na ambaye jina lake limebaki kwetu kwa swala tomi na kwa maporomoko ya Nyahururu. Klabu ilipotafutiwa jina, Barrie aliambiwa na wasafiri hao wa Afrika kwamba maneno Allahu Akbar maana yake ni Mungu tusaidie, akayaunganisha na jina lake mwenyewe ikawa Allahakbarries. Tafsiri hiyo ingesahihishwa na mtoto yeyote wa madrasa, lakini jina lilibaki.

Mwaka 1894 alimwoa mwigizaji Mary Ansell. Ndoa haikujaaliwa watoto, na kwa maelezo ya waliowafahamu haikuwa na furaha nyingi. Walifuga mbwa mkubwa wa aina ya Saint Bernard aliyeitwa Porthos, na kila siku Barrie alimpeleka kutembea katika bustani ya Kensington, karibu na nyumbani kwao.

Ilikuwa huko, mwaka 1897, alikokutana na wavulana wawili waliovaa kofia nyekundu, George wa miaka minne na Jack wa miaka mitatu, wakiwa na yaya wao, Mary Hodgson, na mdogo wao Peter akiwa ndani ya kigari. Barrie alikuwa na kipaji cha kuchezesha masikio na kupandisha nyusi moja moja, na alijua hadithi zisizokwisha. Watoto walimpenda mara moja. Yaya hakumpenda, na hakubadili mawazo kwa miaka yote iliyofuata.

Mwisho wa mwaka huo, katika karamu ya chakula, aliketi karibu na mwanamke mzuri aliyekuwa akificha peremende kwenye kimkoba chake. Katika mazungumzo ikabainika kuwa ndiye mama wa watoto wale: Sylvia Llewelyn Davies, binti wa mwandishi na mchoraji George du Maurier. Mumewe, Arthur, alikuwa wakili kijana asiye na fedha nyingi. Tangu hapo Barrie akawa mtu wa nyumba hiyo, akija karibu kila siku, awe amealikwa au hakualikwa. Baadaye walizaliwa Michael, mwaka 1900, na Nicholas aliyeitwa Nico, mwaka 1903.

Katika bustani hiyo Barrie alimweleza George kwamba watoto wote huwa ndege kabla ya kuzaliwa, na kwamba ndiyo maana madirisha ya vyumba vya watoto huwekwa nondo, kwani wachanga hawajasahau kuruka. Mdogo wake Peter, alisema, bado anaweza. Kutoka katika utani huo kikatoka kitabu cha mwaka 1902, The Little White Bird, ambamo Peter Pan anaonekana kwa mara ya kwanza.

Huyo si Peter wa katuni. Ni mtoto wa siku saba aliyetoka dirishani na kuruka hadi bustanini, akabaki akiwa si ndege tena wala si binadamu. Vibwengo wanaocheza ngoma usiku baada ya milango kufungwa wanamfanya mpigaji wao wa zumari. Anaporudi nyumbani mara ya kwanza anamkuta mama amelala, dirisha likiwa wazi, na anaahirisha. Anaporudi mara ya pili kwa nia ya kukaa, dirisha limefungwa kwa nondo za chuma, na ndani mama amemkumbatia mtoto mwingine. Chuma kile kile ambacho wamama wa Uskoti walikiweka kuwazuia vibwengo, hapa kinamzuia mtoto mwenyewe. Anayejua habari za chumba cha giza cha Kirriemuir hawezi kuupita ukurasa huo haraka.

Kitabu hicho kina jambo jingine, ambalo wasomaji wa siku zile walilichukulia kama mzaha. Msimulizi ni mzee asiye na mke anayefanya urafiki na mtoto wa watu wengine, na anakiri bila haya kwamba anapanga kumvuta mtoto huyo kidogo kidogo atoke kwa mama yake awe wake. Mtoto huyo anaitwa David.

Tamthilia ya Peter Pan ilionyeshwa mara ya kwanza Desemba 27, 1904 katika ukumbi wa Duke of York's, London. Mtayarishaji, Mmarekani Charles Frohman, alimwaga fedha nyingi katika mchezo ambao wenzake waliuona kuwa wa kichaa. Barrie alihofia kwamba watu wazima hawatapiga makofi pale Peter anapowaomba watazamaji kumwokoa kibwengo Tinker Bell kwa kuonyesha kuwa wanaamini. Kwa hiyo wapiga muziki waliagizwa kuanza kupiga makofi wao iwapo ukumbi ungenyamaza. Haikuhitajika. Ukumbi mzima ulipiga makofi, na tangu hapo mchezo huo ukawa desturi ya Krismasi jijini humo.

Jina la Wendy nalo lina kaburi nyuma yake. Lilitokana na kitamkwa cha Margaret, binti mdogo wa mshairi W.E. Henley, ambaye alimwita Barrie rafiki kwa ulimi wa kitoto usioweza kutamka vyema. Mtoto huyo alifariki mwaka 1894 akiwa na miaka mitano.

Katika tamthilia, na katika riwaya iliyofuata mwaka 1911, Peter ndiye anayekuja dirishani kuchukua watoto. Wavulana wanaoishi naye huko Neverland ni wale walioanguka kutoka katika vigari vyao yaya alipogeuka upande mwingine. Wasipodaiwa na wazazi ndani ya siku saba, hupelekwa huko. Sheria hiyo ni ya ngano za kale, ila imegeuzwa: si vibwengo wanaodai mtoto wa mtu, bali ni mtu aliyechelewa kudai mtoto wake. Na riwaya inadokeza, kwa sentensi fupi inayopita bila kelele, kwamba wavulana hao wanapoanza kukua, jambo lililokatazwa, Peter huwapunguza.

Arthur Llewelyn Davies hakuwa mtu wa ugomvi, lakini hakufurahia kuona wanawe wakivutwa na mtu mwingine. Barrie alipotengeneza kitabu cha picha za wavulana hao wakicheza maharamia kando ya ziwa karibu na nyumba yake ya mashambani, zilichapwa nakala mbili tu. Moja alipewa Arthur. Aliisahau ndani ya treni.

Mwaka 1906 Arthur aligundulika kuwa na saratani ya taya. Upasuaji ulimwondolea sehemu ya taya na uwezo wa kusema vizuri, na Barrie aliacha kazi zake zote akakaa kando ya kitanda chake na kulipa gharama. Wale wanaomwona Barrie kuwa ni mporaji tu hukutana na ugumu hapa, kwani mgonjwa mwenyewe, aliyekuwa akimkwepa, aliondoka duniani Aprili 1907 akiwa amempokea kama rafiki wa kweli. Filamu ya Finding Neverland ya mwaka 2004 ililikwepa suala zima kwa kumfanya Sylvia awe mjane tangu mwanzo, na kwa kumwacha Nico nje ya hadithi.

Mwaka 1909 ndoa ya Barrie ilivunjika kwa talaka, baada ya mkewe kupata mpenzi mwingine. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1910, Sylvia naye alifariki kwa saratani. George alikuwa na miaka 17, Nico sita.

Miezi kadhaa baadaye ilipatikana karatasi iliyoandikwa na Sylvia kwa mkono wake, ikiwa na matakwa yake kuhusu watoto. Barrie alinakili karatasi hiyo na kuipeleka kwa bibi wa watoto, Emma du Maurier, akieleza kuwa ni nakala kamili. Katika nakala yake, Sylvia anataka Jimmy aje kukaa na Mary, yaya, ili wawili hao wawalee wavulana na kuitunza nyumba. Jimmy, bila shaka, ni James Barrie.

Karatasi ya asili haikupotea. Andrew Birkin, aliyeichunguza familia hiyo kwa ajili ya tamthilia ya televisheni ya BBC mwaka 1978 na kitabu kilichofuata mwaka 1979, alionyesha kuwa neno alilolandika Sylvia si Jimmy, ni Jenny. Jenny alikuwa dada yake Mary Hodgson, na kwa kusoma hivyo sentensi inaeleweka bila taabu: mama alitaka yaya aletewe ndugu yake wa kumsaidia kazi.

Je, Barrie alidanganya? Mwandiko wa mgonjwa husomeka kwa shida, na mtu mwenye shauku huona anachotaka kukiona. Ni kweli pia kwamba Sylvia aliwahi kumtaja Barrie miongoni mwa wale aliowataka wawe walezi, pamoja na bibi na wajomba wa watoto, na kwamba hakuna ndugu aliyekuwa na uwezo wa kulipa ada za shule kwa wavulana watano kama yeye. Inawezekana kabisa kwamba wangefika mikononi mwake hata bila neno hilo. Lakini maneno hayo mawili yanafanana kidogo mno kwa mtu aliyepata riziki kwa kusoma na kuandika, na mwandishi wa makala haya ana shaka kwamba Barrie alilisoma mara moja tu.

Walezi wengine waliridhika kumwachia kazi. Aliwasomesha, wanne kati yao katika shule ya Eton, huku Jack akienda katika jeshi la majini. Hakuwapiga wala kuwanyima kitu. Watu wa leo hujiuliza kama mapenzi yake kwa watoto hao yalikuwa na uchafu ndani yake. Hakuna ushahidi uliowahi kutolewa, na Nico, aliyeishi hadi mwaka 1980, alikanusha jambo hilo kwa nguvu zote hadi uzeeni. Jack alikuwa na kinyongo cha aina nyingine. Aliona kwamba mgeni amekaa kwenye kiti cha baba yake.

Mei 1, 1912 wakazi wa London waliamka na kukuta sanamu ya Peter Pan katika bustani ya Kensington, iliyosimamishwa usiku bila tangazo ili watoto wadhani imeota yenyewe. Ni kazi ya George Frampton na ipo hadi leo. Barrie hakuridhika nayo. Alilalamika kuwa haionyeshi shetani aliyemo ndani ya Peter, malalamiko ambayo wauzaji wa katuni wangefanya vyema kuyatafakari.

Kisha wavulana wakaanza kuondoka. George aliuawa Flanders Machi 1915 akiwa na miaka 21. Mei mwaka huo Frohman alizama na meli ya Lusitania.

Mwaka 1920 Barrie alitoa tamthilia ya Mary Rose, ambayo wengi hawaijui na ambayo ndiyo kazi yake iliyo karibu zaidi na ngano za kale. Binti mdogo anatoweka katika kisiwa kidogo cha Uskoti na kuonekana tena baada ya siku 20, asijue kwamba muda wowote umepita. Akiwa ameolewa na ana mtoto anarudi kisiwani hapo, anatoweka tena, na safari hii anarejea baada ya miaka 25 akiwa kijana vile vile, akimtafuta mtoto mchanga ambaye sasa ni askari mtu mzima. Mtunzi hasemi ni nani aliyemchukua. Watazamaji wa siku hizo, ambao karibu kila nyumba ilikuwa na mtu asiyerudi kutoka vitani, hawakuhitaji kuambiwa.

Mwaka mmoja baadaye, Mei 19, 1921, Michael, aliyekuwa kipenzi chake, alikufa maji pamoja na rafiki yake katika bwawa la Sandford karibu na Oxford. Alibakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 21. Hakuwa muogeleaji na tangu utotoni aliogopa maji. Mahakama ilitamka kuwa ni ajali, na wapo waliobaki na mashaka. Inaelezwa kwamba Barrie alikuwa akitoka usiku kwenda kutuma barua yake ya kila siku kwa Michael, alipofuatwa mlangoni na mwandishi wa habari aliyetaka maoni yake juu ya tukio ambalo alidhani mzee amekwishalisikia. Ni kisa ambacho watu wa kazi yetu wangependa kisiwe cha kweli.

Heshima za dola alikuwa nazo tele: cheo cha kurithi cha Baronet mwaka 1913, nishani ya Order of Merit mwaka 1922, ukuu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1930. Baada ya Michael hakuandika jambo kubwa tena kwa miaka mingi.

Mwaka 1929 aliombwa kushika nafasi katika kamati ya hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London. Alikataa kazi ya kamati, na badala yake akaipa hospitali hiyo haki zote za Peter Pan. Kiasi kinachopatikana hakitangazwi, kwa matakwa yake mwenyewe. Muda wa hakimiliki ulipokwisha mwaka 1987, miaka 50 baada ya kifo chake, Waziri Mkuu wa zamani James Callaghan alipigania kipengele maalumu katika sheria ya mwaka 1988, na kwa sheria hiyo hospitali hupata mrabaha wa kazi hiyo ndani ya Uingereza bila kikomo.

Barrie alifariki Juni 19, 1937 kwa nimonia akiwa na umri wa miaka 77, akazikwa Kirriemuir pamoja na wazazi wake. Sehemu kubwa ya mali yake alimwachia katibu wake, Cynthia Asquith.

Peter, aliyekuwa ndani ya kigari siku ile ya mwaka 1897, alipigana vita na kurudi na nishani na moyo uliojeruhiwa, kisha akafungua kampuni ya kuchapa vitabu. Jina alilopewa mhusika wa tamthilia lilimfuata shuleni, jeshini na kazini, naye alilichukia. Uzeeni alikusanya barua za familia ili kuelewa kilichotokea, na jalada hilo akaliita chumba cha maiti. Barua nyingi kati ya Barrie na Michael alizichoma moto, akieleza kuwa zilizidi mno. Aprili 1960, akiwa na miaka 63, alijitupa mbele ya treni katika stesheni ya Sloane Square. Magazeti ya siku iliyofuata yaliandika kwamba Peter Pan amekufa.